Kupima Mashini Namba Sita

Ninyi mnaobaki atelye, karakana yetu, mmeniomba niandike namna tulivyokuwa tunapima prosesa za laptopu za zamani, kabla sijasahau. Nimekabidhi funguo mwezi uliopita na mikono yangu bado inatafuta bisibisi kila asubuhi, kwa hiyo nitaandika. Juu ya vyeo sina la kusema. Atelye yetu ya Nyamianda, hapa Uvira, haikuwahi kuwa na vyeo. Kulikuwa na Mzee Saleh, kisha kukawa na mimi.

Nilifika kwake na diploma ya umeme mkononi. Baba yangu, aliyeuza vitenge na ndagala, wale dagaa wa ziwani, kama baba yake kabla yake, alikuwa anadhani nitakaa nyuma ya meza ya duka. Mzee Saleh hakuitazama diploma. Alikuwa ametengeneza redio tangu ujana wake, halafu mashini za kuandikia, halafu kompyuta zilipoanza kuingia mjini akazifungua nazo, moja baada ya nyingine, mpaka zikamzoea. Alivaa saa mbili, moja kila mkono, na hakuziamini zote mbili.

Siku hiyo ya kwanza aliniwekea mezani laptopu mbili za rangi moja, za kiwanda kimoja, zote na kibandiko kilekile cha prosesa karibu na kibodi.

“Weye umesoma,” akasema. “Niambie, ipi iko na nguvu?”

Nikasoma vibandiko, nikamwambia ziko sawa. Akachukua wembe, akainua pembe ya kibandiko cha mashini ya kushoto. Chini yake kulikuwa na alama ya gundi ya kibandiko kingine, kikubwa zaidi, kilichobanduliwa.

“Hii ilipitia mu mikono ya muntu,” akasema. “Muntu akipita, anaachaka kitu.”

Laptopu zetu zilikuwa zinafika zimechoka. Zilikuwa zimefanya kazi Ulaya miaka mitano au sita, zikatupwa, zikaokotwa, zikapita bandari nyingi mpaka Bujumbura, zikavuka mpaka wa Kavimvira katikati ya mabunda ya nguo za mitumba. Kila mkono zilimopitia ulikuwa na sababu ya kusema uongo kidogo. Kibandiko kinabadilishwa kwa dakika moja. Hata maandishi ambayo mashini inaonyesha ikiwaka, mtu anayejua anaweza kuyageuza. Kitu kimoja tu hakiwezi kubandikwa, nacho ni muda. Ipe mashini kazi, shika saa, ngoja.

Majaribio yetu yalikuwa matatu. La kwanza, mashini inahesabu ile namba ya duara, pai, mpaka tarakimu milioni moja. Hapo unaona nguvu ya kiini kimoja cha prosesa peke yake. La pili, inabana folda moja kubwa ya picha na karatasi, folda ileile siku zote, ambayo niliitunza ndani ya flashi iliyofungwa uzi mwekundu. Hapo unaona kama viini viwili vinasaidiana au kimoja kinamtazama mwenzake. La tatu lilikuwa jedwali refu la majina ambalo Mzee Saleh alilitunga kwa mkono wake, maelfu ya watu wasiokuwepo, na mashini inawapanga kwa alfabeti na kuhesabu umri wao. Hilo halikuwa na elimu nyingi, lakini ndilo lililotuonyesha kile mteja atakachokisikia akiwa amekaa mbele ya mashini na hasira zake.

Kila jaribio mara tatu, na ya kwanza tunaitupa. Asubuhi, si mchana, kwa sababu joto la kwetu mnalijua: mashini inayokimbia saa mbili asubuhi inakuwa mvivu saa nane mchana, kama sisi wenyewe. Kabla ya kupima unaifungua, unatoa vumbi la bonde la Ruzizi, ambalo ni laini kama unga na linaingia hata kwenye mayai, unafuta ile pasta ya kupitisha joto iliyokauka juu ya prosesa na kupaka mpya. Ukipima mashini yenye homa, umepima homa.

Wateja walipenda namba kubwa ya kasi kwenye kibandiko. Niliwahi kumweleza mchungaji mmoja wa kanisa, karibu nusu saa, kwamba hii ya zamani yenye namba kubwa ina kiini kimoja na inawaka kama jiko, na ile yenye namba ndogo ina viini viwili na itaimaliza kazi mapema. Nikamwonyesha kwa saa. Akatazama, akashukuru, akachukua yenye namba kubwa. Baada ya wiki tatu alirudi nayo akisema shetani ameingia ndani. Nilisafisha kifeni, shetani akatoka kwa muda.

Sasa nije kwenye kazi ambayo ninyi hamnijui nayo, kwa sababu sijawahi kuisema atelye.

Ilikuwa ile miaka ambayo vita vilikuwa vinashuka milimani, vinapita bondeni, vinarudi, na kila vilipopita watu wa vijijini walikuja mjini na magodoro kichwani. Shirika moja la misaada lilifungua biro, yaani ofisi, karibu na barabara kubwa ili kuwaandikisha waliokimbia. Shefu wa vifaa pale, aliyeitwa Bonane, alileta kwetu rundo la laptopu za zamani, akataka tumchagulie sita zilizo bora. Nilipima siku nne. Nikachagua sita za aina moja, prosesa moja, zilizopishana sekunde chache tu, nikaziandika namba kwa rangi nyeupe chini ya tumbo: moja mpaka sita. Betri zote zilikuwa zimekufa, basi kila moja iliishi kwa kuunganishwa na chaja yake. Mzee Saleh aliziandika katika daftari lake la vipimo, akachora mstari chini.

Namba sita ilipewa Melkiori, karani wa kuandikisha watu.

Melkiori alikuwa mtu wa kijiji cha Kiringye, wa zile familia za wakulima wanaosema Kirundi, Mkatoliki wa misa ya asubuhi. Babu yake alizaliwa pale pale, ingawa mjini wengi waliwahesabu kuwa wageni kutoka Burundi. Alikuwa na umri kama wangu, mwembamba, na aliandika majina ya watu kwa uangalifu ambao sijauona tena. Mama mmoja akisema jina la mtoto, Melkiori alimuuliza namna ya kuliandika, na kama hajui, alimtajia herufi polepole mpaka wakubaliane. Nilikuwa nakwenda pale kila Jumanne kukagua mashini. Aliniita Mama Zuhura, nami nilimwita Baba Espe, kwa jina la binti yake mkubwa, Esperance. Tulikuwa tunakula pamoja, ugali na ndagala, tukizungumza habari za mihogo.

Halafu vijiji viwili vilishambuliwa, kimoja nyuma ya kingine, siku chache tu baada ya watu wa biro kupita kule kuandikisha. Nyakabere, huko bondeni, ilijaa watu waliokimbia tena kwa mara ya pili. Mtu mmoja akasema, sijui nani, kwamba washambuliaji walikuwa na majina kwenye karatasi, kama yale ya biro. Labda walikuwa nayo, labda hapana. Neno hilo lilifika Uvira kabla ya watu wenyewe.

Tangu siku ile biro ilibadilika. Watu walianza kufunika skrini kwa mkono mtu akipita nyuma. Waliacha kuazimana kalamu. Mlinzi wa mlangoni alianza kuandika nani ametoka kwenda chooni na amekaa huko muda gani. Melkiori akizungumza Kirundi na bibi aliyetoka bonde, chumba kizima kilinyamaza kusikiliza, hata wale wanaokijua Kirundi vizuri, na wengi wetu tunakijua. Mimi nilijiambia sina habari na mambo hayo, mimi ni mtu wa prosesa. Lakini ile Jumanne sikula naye. Nilisema nina haraka.

Wiki iliyofuata Bonane alikuja atelye mwenyewe, na laptopu mbili ndani ya mfuko wa turubai, na chaja zake. Ilikuwa namba tano na namba sita. Alikaa bila kukaribishwa.

“Mama, weye njo ulipima hizi mashini,” akasema. “Ulituambia ziko sawa.”

“Ziko sawa.”

“Sasa, juu ya nini ya Melkiori inachoka? Hii ingine inafungua liste ya bantu mara moja. Yake inakawia, inakawia. Na yeye haletake malalamiko. Ananyamaza tu. Weye unaona namna gani?”

Nilimwomba aniachie mpaka kesho. Mzee Saleh alikuwa mgonjwa nyumbani siku hizo, malaria, kwa hiyo nilikuwa peke yangu. Asubuhi nikaziweka mbili mezani, kila moja na chaja yake kama zilivyokuja, nikaanza.

Namba tano ilifanya kama daftari lilivyosema, karibu sekunde kwa sekunde. Namba sita ilichukua muda mara mbili. Nikarudia. Mara mbili na zaidi. Nikaifungua: hakuna vumbi, pasta yangu bado laini, kifeni kinazunguka. Nikatafuta virusi kwa programu mbili: hakuna. Nikatazama ni kazi gani zinazokula prosesa: hakuna isiyojulikana. Nikarudia jaribio la jedwali, nikiwatazama wale watu wa uongo wa Mzee Saleh wakijipanga polepole sana, A, B, C.

Nitawaambia jinsi nilivyofikiri, kwa sababu ndiko kosa liliko. Nilifikiri: mashini ni ileile, prosesa ni ileile, haina homa wala uchafu. Nguvu yake inakwenda wapi? Kuna kitu kinaila. Na kama kitu kinaila na hakionekani, basi kimejificha. Na kitu hakijifichi chenyewe. Kila hatua ilionekana safi. Sikugundua kwamba tangu mwanzo nilikuwa natafuta mtu, si hitilafu.

Bonane alirudi mchana.

“Umeona?”

“Inachukua muda mara mbili,” nikasema. “Virusi sioni. Uchafu hakuna.”

“Basi nini?”

Ningeweza kusema sijui. Ni neno moja fupi. Nikasema, “Kama hakuna kitu inaonekana, kuko kitu imefichwa.”

Hakuuliza zaidi. Aliniomba niandike muda wa mashini zote mbili kwenye karatasi yenye muhuri wa atelye, nikaandika. Akachukua karatasi, akaniachia laptopu zote mbili akisema nizifunge kabatini asizione mtu.

Kesho yake wakaniita biro. Melkiori alikuwa amekaa kwenye kiti katikati ya chumba, na pembeni wanaume wawili wa usalama ambao hawakusema majina yao. Karatasi yangu ilikuwa juu ya meza.

“Minye sijui kitu ya kuficha mu mashini,” Melkiori alikuwa anasema. “Minye naandika majina, nafunga, naenda nyumbani.” Aliponiona akageuka, na nikaona amefurahi, kama mtu aliyeona ndugu yake anaingia. “Mama Zuhura, weye ulipima. Sema tu ile uliona.”

Mmoja wa wale wanaume akaniuliza kama karatasi ni yangu. Nikasema ndiyo. Akauliza kama ni kweli nilisema kuna kitu kimefichwa. Nikasema ndiyo, nilisema. Melkiori aliendelea kunitazama, akingoja maneno mengine. Wakamchukua. Alipopita karibu yangu alikuwa anatafuta kwa mkono kifungo cha juu cha shati lake, akikifunga, kama anakwenda kanisani.

Siku ya tatu Mzee Saleh alirudi kazini, amekonda, saa zake zinacheza mikononi. Nilimweleza yote. Alinisikiliza akiwa amefumba macho.

“Hiyo kitu inajificha,” akasema, “uliiona?”

“Hapana.”

“Uliona nini sasa?”

“Niliona muda, Mzee.”

“Muda inasema kuko tofauti. Haisemake jina ya muntu. Lete mashini.”

Nikazitoa kabatini. Hakugusa kitu. Alikaa kwenye kigoda chake, akaniambia nibadilishane diski. Nikatoa diski ya namba sita, ile yenye kazi zote za Melkiori, nikaitia ndani ya namba tano, na ya tano ndani ya sita. Nikapima. Diski ya Melkiori ndani ya namba tano ilikimbia kama kawaida. Namba sita, na diski ya mtu mwingine ambaye hakuna aliyemshuku, ilikawia vilevile.

Nilikaa chini. Chochote kilichoandikwa, kilichofichwa, kilichopandwa na mkono wa mtu, kingekuwa kwenye diski. Hapakuwa na kitu kwenye diski. Ni kipimo cha dakika kumi, na nilikuwa nakijua tangu mwaka wangu wa kwanza. Sikukifanya kwa sababu nilikuwa nimeshapata jibu.

“Usikae,” Mzee Saleh akasema. “Endelea.”

Nikabadilishana memwari. Vilevile. Nikabadilishana vifeni. Vilevile. Kulibaki kitu kimoja mezani ambacho sikukihesabu kuwa sehemu ya mashini. Nikachomoa chaja ya namba tano, nikaichomeka namba sita. Namba sita ikahesabu duara lake kwa muda uleule ulioandikwa katika daftari. Nikaweka chaja ya sita kwenye namba tano, na namba tano ikaanza kujivuta kama mgonjwa.

Ninyi mnajua jambo hili sasa, ni la kila wiki. Aina ile ya laptopu huiuliza chaja yake jina. Chaja ya kweli inajibu kwa sindano nyembamba iliyo katikati ya ncha. Chaja ya bandia haijibu, au sindano ikivunjika haijibu, na mashini ikikosa jibu inaogopa umeme isioujua: inashusha kasi ya prosesa mpaka chini kabisa na kukaa hapo. Inafanya kazi, lakini kwa hofu. Mimi nilitazama nani anakula prosesa. Sikutazama prosesa yenyewe inakimbia kasi gani. Ningetazama, ningeiona imelala.

Na ile ilikuwa chaja ya bandia, ya sokoni. Siyo niliyowapa. Zangu nilikuwa nimezikwangua alama ndogo kwa msumari. Hiyo haikuwa na alama. Zaidi ya hapo, mashini hizo zikikosa kuitambua chaja huandika onyo kila zinapowashwa. Namba sita haikuandika kitu. Nikaingia kwenye mipangilio yake ya ndani, nikakuta onyo limezimwa. Haliwezi kujizima.

Nilikwenda biro nikiwa nakimbia. Bonane alikuwa anafanya kazi kwenye laptopu yake mwenyewe, ya aina ileile. Chaja iliyoingia ukutani ilikuwa na alama ya msumari wangu.

“Shefu,” nikasema, “hii sharjeri ulitoa wapi?”

Akaitazama, akanitazama. “Yangu ilibaki Bukavu. Nilichukua moja hapa biro. Ziko sawa zote, Mama.”

“Na ile umemuachia Melkiori?”

“Nilinunua ingine, nikamupatia. Kuko nini?”

Nikamweleza. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwa sauti ndogo, “Mama, mambo ile iko mu mikono ya wakubwa sasa. Imeisha.”

Sijui hata leo kama Bonane alikuwa mzembe au kitu kingine. Mtu mzembe anaweza kuchukua chaja ya mwenzake na kusahau. Mtu mzembe anaweza hata kuzima onyo linalomsumbua mtumishi kila asubuhi. Nimelifikiria miaka mingi, nikiwa nafungua mashini za watu wengine, na mara nyingine nampata na hatia, mara nyingine hapana. Nimeacha kulihesabu, kwa sababu najua sasa mimi huwa naanza wapi.

Nikabeba mashini mbili na chaja mbili, nikaenda kule walikomfungia Melkiori. Mzee Saleh alikuja nami, akitembea polepole, akipumzika kila baada ya nyumba chache. Walitukalisha uani tangu saa tatu mpaka baada ya adhuhuri. Mwisho ofisa mmoja akatuita ndani. Alikuwa na karatasi yangu.

“Weye njo ulisema kuko kitu imefichwa,” akasema. “Leo unasema hakuna. Nani alikuzungumuzisha?”

“Hakuna muntu.”

“Unateteaka huyu Murundi juu ya nini? Bandugu yake walikuja kwako?”

“Bandugu yake siwajue,” nikasema. “Ile siku nilisema kitu sikuona. Leo sitasema kitu. Weye mwenyewe utahesabu.”

Alicheka, lakini jenereta yao ilikuwa inawaka, na nadhani siku ilikuwa ndefu kwake pia. Nikachomeka mashini mbili. Mzee Saleh akavua saa moja, akampa. Ofisa akahesabu namba tano, akaandika. Akahesabu namba sita, akaandika. Kisha nikamwambia abadilishane chaja kwa mikono yake mwenyewe, mimi nisiguse. Akabadilishana. Akahesabu tena, na nikaona midomo yake imeacha kucheka. Alirudia mara nne. Mara ya nne alizitazama chaja kama anataka kuziuliza maswali.

“Hii kitu ndogo?” akasema.

“Njo hiyo.”

Walimwachia Melkiori siku mbili baadaye. Hakupewa karatasi yoyote. Vidole vya mkono wake wa kulia vilikuwa vimevimba hata hakuweza kuvikunja, na huo ndio mkono uliokuwa unaandika majina kwa uangalifu ule. Biro haikumrudisha kazini. Walisema nafasi imeshajazwa. Na wakati yeye yuko ndani, habari ilikuwa imefika Kiringye kwamba amekamatwa kwa kuuza majina. Mke wake alichukua watoto, akavuka mto Ruzizi akaenda kukaa kwa watu upande wa Burundi. Melkiori alipata habari hiyo barabarani, kutoka kwa mtu aliyekuwa anamkwepa. Miezi mitatu alikuwa anawatafuta. Aliwapata, mwisho, wote, wakarudi Kiringye. Nilipata habari hizo kwa watu, kwa sababu yeye hakupita tena Nyamianda.

Ofisi nyingine zikafungua, nyingine zikafunga. Mzee Saleh alifariki kitandani kwake, kwa amani, jambo ambalo kwa mtu wa miaka ile ni kubwa. Mimi niliendelea kupima. Kila mteja aliyenijia baada ya hapo na maneno “mashini yangu inaharibiwa na muntu” nilimwambia anyamaze kwanza, mpaka nimemaliza, na wengi walikasirika. Kila karatasi niliyoandika ilikuwa na muda tu. Wakiniuliza ninaonaje, nilisema siwezi kuona. Mlikuwa mnanicheka kwa hilo, najua, mnasema Mama anaogopa hata kutaja virusi.

Mwaka jana, nilipojua nakaribia kuacha kazi, nilipanda gari kwenda Kiringye. Barabara ilikuwa nzuri siku hiyo, maana yake ilikuwa imeshambuliwa wiki iliyopita na si wiki ile. Niliuliza nyumba ya Baba Espe. Mtu wa kwanza akaniuliza namtakia nini. Wa pili akanionyesha kwa kidevu, bila kunyoosha mkono, akaondoka haraka.

Nilimkuta anapukuchua mahindi na mke wake. Nywele zimekuwa nyeupe. Alinitambua mara moja. Hakusimama, lakini alisukuma kiti kwa mguu kuja upande wangu, nikakaa.

“Baba Espe,” nikasema, “nimekuja kusema nilikosea.”

“Najua ulikosea,” akasema. “Minye nilijua kutoka ile siku.” Akapukuchua hindi lote, akaweka punje kwenye kikapu. “Mu hii kijiji, nani anajua?”

Nikaokota punje iliyoanguka, nikairudisha kikapuni.

“Walisikia nilikamatwa, bote. Kuachiwa, walisema nililipa. Binti yangu alichumbiwa, bantu ya kijana walikuja kuuliza kama njo minye ule muntu ya majina. Sasa, weye unakuja kuniambia minye? Minye nimekwisha kujua.” Akaingia ndani, akarudi na daftari la shule na kalamu, akaviweka juu ya mapaja yangu. “Andika.”

Nikaandika. Niliandika kwa Kiswahili, polepole, kwamba nilikuwa fundi wa kompyuta Uvira, kwamba nilipima mashini yake, kwamba hitilafu ilikuwa kwenye chaja ambayo hakuichagua yeye, kwamba hapakuwa na kitu chochote kilichofichwa na mtu yeyote. Nikatia jina langu lote na la baba yangu. Nikampa.

Alisoma akifuata mstari kwa kidole kimoja ambacho hakinyooki vizuri. Katikati akasimama.

“Hapa umeandika, ‘ilionekana kuna kitu kimefichwa’. Ilionekana kwa nani?”

Nikainama kulitazama neno.

“Haikuonekana,” akasema. “Weye ulisema.”

Nikachukua karatasi, nikakata neno, juu yake nikaandika ‘nilisema’. Akaitazama tena, akatikisa kichwa kukubali. Kisha akamwita mke wake aache mahindi, na binti yake atoke ndani, na jirani aliyekuwa anapita na jembe akamwita pia, kwa sauti, kwa jina. Jirani alisita, halafu akaja mpaka kwenye ukingo wa ua. Melkiori akasimama, akafunga kifungo cha juu cha shati, akaanza kuusoma waraka tangu mwanzo, akiugeuza kwa Kirundi sentensi baada ya sentensi, na mimi nilibaki nimekaa pale kwenye kiti, nikisikia jina langu likisomwa mbele ya watu.